Je, mwandishi wa maoni ana haki ya kukata maneno ya mtu anayempinga?

Msomaji wa Asubuhi aliuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nimesoma katika gazeti moja makala ya maoni inayotetea mikopo ya nje kwa ajili ya miradi mikubwa. Mwandishi ana hoja, na baadhi yake naziona nzito. Lakini alipotaka kuonyesha kwamba fikra za Mwalimu Nyerere zimepitwa na wakati, alichukua kutoka Azimio la Arusha, lile tamko la siasa ya ujamaa na kujitegemea, maneno machache kwamba fedha si msingi wa maendeleo, akaishia hapo, kisha akahitimisha kwamba Azimio liliikataa fedha ya kigeni na kuwaaminisha wananchi kwamba jembe la mkono lingetosha.

Nilifungua Azimio lenyewe, katika sehemu inayoeleza siasa ya kujitegemea. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, iliyokutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967 ilieleza waziwazi kwamba haisemi kuwa fedha haitahitajika, wala kwamba viwanda havitaanzishwa, wala kwamba nchi haitapokea au hata kutafuta fedha kutoka nje. Iliongeza kwamba kila mwaka nchi itatumia fedha nyingi zaidi kuliko mwaka uliotangulia, na kwamba hiyo itakuwa mojawapo ya dalili za maendeleo. Ilichokikataa ni kuifanya fedha kuwa chanzo, wakati chanzo ni watu na juhudi zao. Maana yake ni kwamba waandishi wa Azimio waliona mapema kwamba wangeeleweka vibaya, wakaweka aya nzima ya kuzuia jambo hilo, na aya hiyo ndiyo iliyoachwa.

Rafiki yangu niliyemwonyesha alinijibu kwamba hayo ni maoni, si habari, na kwamba mwandishi wa maoni hana wajibu wa kumtetea anayempinga. Jibu hilo halikuniridhisha, lakini sikuweza kueleza mpaka uko wapi. Naomba msaada wenu.

Mhariri Mstaafu alijibu:

Ndugu Msomaji, rafiki yako ana nusu ya ukweli. Mwandishi wa maoni ana uhuru wa kuchagua upande, kuchagua mifano, na kulaumu kwa ukali. Hakuna mhariri mwenye busara atakayemtaka ajaze safu yake kwa hoja za mpinzani. Hata hivyo, uhuru huo unahusu hukumu anayoitoa juu ya maneno. Haumpi ruhusa ya kubadili maneno hayo yalisema nini, kwa sababu kuwa mtu fulani alisema jambo fulani ni suala la ukweli, liwe limeandikwa katika ukurasa wa habari au wa maoni.

Kwa miaka niliyosimamia kurasa za maoni nilikuwa nikisoma aya iliyotangulia nukuu na aya iliyoifuata, kisha nikijiuliza: sentensi iliyoachwa ikirudishwa, je, hitimisho la makala litasimama? Likisimama, mwandishi amefupisha tu, na kufupisha ni kazi yake. Likianguka, basi hoja ilikuwa inategemea kutokuwapo kwa sentensi hiyo, na msomaji amenyimwa kitu alichostahili kukijua. Mfano ulioutaja unaanguka mara moja.

Ningependa pia watu wawe waangalifu na nukuu fupi mno. Wengi huhofia nukta tatu katikati ya nukuu ndefu, lakini nukta hizo angalau zinamjulisha msomaji kwamba kuna kilichotolewa. Hatari kubwa zaidi iko katika maneno matatu au manne yanayopachikwa ndani ya sentensi ya mwandishi mwenyewe, maana hapo kitenzi, mtiririko na hitimisho vyote ni vyake, na mtu aliyenukuliwa amebakiziwa nomino tu. Kwa hotuba za wabunge hatuna kisingizio, kwa kuwa Taarifa Rasmi za Bunge zipo na zinasomeka. Matangazo ya moja kwa moja ya vikao katika TBC, shirika la utangazaji la taifa, yaliposimamishwa mwaka 2016, wananchi wengi walibaki na vipande vya video tu, na makala nyingi zikaandikwa kutokana na vipande hivyo bila mwandishi kurejea hotuba kamili.

Mwandishi wa Safu alijibu:

Naheshimu aliyoyasema Mhariri, lakini naomba tusiufanye muktadha kuwa ngao ya wenye madaraka. Kila mwanasiasa anayebanwa na kauli yake husema amenukuliwa vibaya. Kama sentensi ilikuwa kamili, ilisemwa hadharani, na maana yake haikubadilishwa na yaliyotangulia wala yaliyofuata, silazimiki kuiandamanisha na salamu zake kwa wananchi na orodha ya mafanikio ya wizara yake.

Chukueni kauli maarufu ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1995, kwamba Watanzania wanataka mabadiliko, na wasipoyapata ndani ya CCM, chama tawala, watayatafuta nje ya CCM. Katika kampeni za mwaka 2015, baada ya Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, kuihama CCM na kujiunga na chama cha upinzani cha CHADEMA, kauli hiyo ilirudiwa kila mahali, na wapo waliolalamika kwamba ilikuwa inatumiwa isivyo halali kwa kuwa Mwalimu alikuwa akikionya chama chake. Mimi sikubaliani na malalamiko hayo. Onyo ni onyo, na aliyelitoa alikuwa anatabiri kile ambacho wananchi wangefanya. Aliyeandika kwamba Mwalimu alitabiri wananchi kutafuta mabadiliko nje ya chama alimnukuu kwa haki. Aliyeandika kwamba Mwalimu aliwaagiza wananchi waihame CCM alimzulia. Nukuu ni ileile katika makala zote mbili, kwa hiyo tusitafute kosa katika urefu wake peke yake. Tutafute katika sentensi ambayo mwandishi ameijenga juu yake.

Mwalimu wa Historia alijibu:

Nakubaliana na Mwandishi wa Safu katika hilo. Ningeongeza kwamba mwandishi aliyelalamikiwa amejidhuru mwenyewe. Azimio hilohilo linasema kwamba kutegemea misaada na mikopo kutahatarisha uhuru wa nchi, na linaeleza kwamba mkopo ni bora kuliko msaada wa bure lakini una kikomo, kwa kuwa ni lazima kufikiri uwezo wa kulipa. Hapo ndipo mtetezi wa mikopo angeweza kupambana na Azimio uso kwa uso: je, hofu hiyo ilikuwa sahihi, na je, kikomo hicho kiko wapi leo? Hoja hiyo ingekuwa ngumu na yenye manufaa kwa wasomaji. Badala yake amempiga mtu ambaye hakuwapo.

Jambo jingine linaloniumiza ni kwamba sisi tunaolipenda Azimio tunalikata vilevile. Wanafunzi wangu wanajua kwa moyo maneno “Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha na tumepuuzwa kiasi cha kutosha”, na katika makala nyingi maneno hayo hutumika kuwashtaki wageni. Sentensi inayofuata haionekani: “Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa.” Ukiiacha hiyo, umebaki na malalamiko, ilhali maandishi yenyewe yalikuwa yanamgeukia msomaji na kumwuliza atafanya nini kuhusu unyonge wake. Vivyo hivyo, husifiwa mahali Azimio linaposema kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote nchini, lakini lawama inayofuata, kwamba wanaume wa vijijini na baadhi ya wanawake wa mijini wako likizo nusu ya maisha yao, hunyamaziwa na waandishi wanaume. Tukidai haki kwa nukuu zinazotuudhi, tuidai pia kwa zile zinazotupendeza.

Msomaji wa Asubuhi alijibu:

Nawashukuru sana. Sasa naona kwamba lalamiko langu halihusu upande alioutetea, bali sentensi aliyoijenga juu ya nukuu. Ninakusudia kumwandikia mhariri wa gazeti hilo. Je, niandike nini?

Mhariri Mstaafu alijibu:

Andika kwa ufupi. Weka maneno ya makala kama yalivyochapishwa, chini yake weka aya kamili ya Azimio, kisha eleza kwa sentensi mbili ni hitimisho lipi linaloanguka. Usimtuhumu mwandishi kuwa alikusudia kudanganya, kwa kuwa huna ushahidi wa nia yake na yeye pia anastahili haki hiyo. Omba ichapishwe katika ukurasa uleule wa maoni. Wakikataa bila sababu, Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko dhidi ya vyombo vya habari; hifadhi nakala ya gazeti na ya barua yako.