Tupeane uzoefu: uliyewahi kutolewa kwenye kamati ya kujitolea baada ya kuhoji mradi, walikutoaje?

Mwana wa Ngamiani
Wadau habari za jioni. Naomba tupeane uzoefu na nyie mliowahi kukaa kwenye hizi kamati za kujitolea, iwe ya urasimishaji (kupima makazi watu wapate hati), ya maji, ya shule, BMU ya wavuvi, baraza la ardhi, yoyote ile isiyo na mshahara. Mimi niko Tanga mjini, mtaa nauhifadhi. Tulichaguliwa na wakazi kwenye mkutano wa hadhara tusimamie urasimishaji, kazi yenyewe kuhamasisha watu wachangie, kuzunguka na wapimaji juani, kusuluhisha majirani wanaogombania mpaka, na malipo hamna zaidi ya soda siku ya kikao. Mchoro wa kwanza ulioletwa na kampuni ulikuwa na eneo la wazi pale watoto wanapochezea mpira, wote tukauona tukaukubali. Baadae ukaja mchoro mwingine lile eneo limekatwa viwanja na kipande cha barabarani kimeandikwa makazi na biashara. Si unajua tena, tangu jiwe la msingi la bomba la mafuta liwekwe Chongoleani 2017 kila mwenye hela anataka kipande upande huu. Nikauliza kikaoni, mkutano wa wananchi uliobadilisha hiki kitu ulikaa lini? Kimya. Wiki ile ile nikaremuviwa kwenye grupu la kamati, nampigia katibu ananiambia eti kamati imeboreshwa. Barua hamna, sababu hamna. Sitaki uzi wa kulialia, nataka kujua wenzangu mlifanyiwaje na mkafanyaje.

Baiskeli Mbovu
Pole mkuu. Mimi kamati ya shule, nilihoji fremu za biashara zilizojengwa kwenye ukuta wa shule kodi yake inaingia wapi. Nikaambiwa muda wangu umeisha. Tulioingia nao siku moja wa kwao haujaisha mpaka leo.

Mvuvi Mstaafu Nusu
Bagamoyo hapa. Mi nilikuwa mjumbe wa BMU, kwa wasiojua hicho ni kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia rasilimali za bahari, kipo kwa kanuni za uvuvi za 2009, ndo sisi tunaofukuzana na wenye makokoro na baruti usiku kwa mafuta ya boti tuliyochangishana. Sasa akaja mwekezaji. Hatukumkataa, hili naomba lieleweke, vijana walitaka ajira na kina mama wa samaki wa kukaanga walitaka wateja. Ila akaanza kuporomosha ukuta mpaka pale maji kujaa yanapofika, njia yetu ya kupitisha samaki na kushusha ngalawa ikawa imebaki ndani ya ukuta, na mikoko ya pembeni ikaanza kupungua usiku usiku, asubuhi unakuta visiki. Nikasimama kwenye kikao cha kata nikauliza mambo mawili tu. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini, huu ukuta uko mita ngapi? Na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kipo, tunaweza kukiona? Jamani niliona watu wanaangalia simu zao kama wote wamepokea meseji kwa pamoja.

Kikao kilipoisha mkubwa mmoja akanishika bega akaniambia mzee wangu wewe mtu wa busara, mbona unatutia aibu mbele ya mgeni. Hapo nikajua. Haukupita muda ikasomwa orodha mpya ya uongozi jina langu halimo, imeandikwa nimepumzishwa kwa sababu za kiafya. Mimi! Asubuhi ile ile nimetoka kuvuta nyavu. Mke wangu akawa anapewa pole sokoni, watu wanadhani figo zimekwisha.

Shoga wa Makorora
😂😂 figo. Samahani mzee wangu, pole lakini nimecheka.

Mvuvi Mstaafu Nusu
Cheka tu mwanangu, hata mimi sasa hivi nacheka.

Mama Mihogo
Mimi nipo vijijini mkoa huu huu wa Tanga, nilikuwa baraza la ardhi la kijiji. Sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba na wanawake wasipungue watatu, sisi tulikuwa watatu hao hao. Likaja suala la shamba la kijiji apewe mtu wa kulima miti, ekari nyingi tu, nikasema mbona mkutano mkuu wa kijiji haujaitwa, mana kwa ninavyojua halmashauri ya kijiji inapendekeza ila wanaotoa idhini ni wanakijiji wenyewe kwenye mkutano mkuu, na eneo likizidi hekta 250 linakwenda mpaka kwa waziri wa ardhi. Mwenyekiti akasema huyu mama ana kiherehere. Kesho yake mgambo akaja nyumbani kuchukua faili, kanikuta natwanga kisamvu, akasema ameagizwa. Nikamwuliza na nani, akasema we mama nipe tu.

Nilimpa faili. Ila mihutasari nilikuwa nshaitoa kopi zamani pale stendi, mimi kila kikao kikiisha nikienda kuuza mihogo napitia kwa kijana wa fotokopi. Sasa walipoleta kesi ya mpaka kusuluhishwa na baraza lile bila mimi, wanawake wamebaki wawili, yule bwana aliyeshindwa akapata mtu wa kumweleza kwamba baraza halikukaa sawa kisheria. Ikawa vurugu. Wakanifuata wenyewe usiku na sukari kilo mbili eti mama tusameheane. Nilirudi, lakini shamba lilishapimwa.

Mtendaji Mstaafu
Nimesoma kimya kimya sasa niseme na mimi, mtanitukana lakini sawa. Nimekuwa mtendaji wa kata miaka mingi. Ni kweli watu wanatolewa kihuni, na mara nyingine simu inatoka juu, unaambiwa huyo mtu sitaki kumwona kwenye kikao kijacho, na wewe una watoto wanasoma. Hilo nalikubali. Ila sio kila aliyetolewa ni shujaa. Nilikuwa na mjumbe alipinga barabara ya mtaa kwa hoja nzito za mazingira, mti wa mwembe, kivuli, ndege, kumbe ukuta wake ndo ulikuwa unaliwa. Mwingine alikuwa anatoa skrinishoti za kikao anampelekea dalali. Mwingine kila mradi anapinga, hata choo cha shule. Huyo unamfanyaje? Mimi nilichokuwa nafanya namwandikia barua, namweleza tuhuma, anajibu, inaenda kwa waliomchagua. Inachosha lakini ukifanya hivyo hakuna wa kukusumbua baadae.

Baiskeli Mbovu
Mtendaji na wewe lini ulimwandikia mtu barua, mbona sisi wa huku hatujawahi kuiona hiyo aina ya mtendaji

Mtendaji Mstaafu
Ndo mana nikastaafu bila nyumba ya ghorofa ndugu yangu.

Mwana wa Ngamiani
Mkuu nakuelewa na wala sina kiwanja pale, nyumba yangu iko mbali na ule uwanja. Lakini hata kama ningekuwa nacho, si wangeniambia? Hoja yangu ni mchoro umebadilika bila wananchi. Kunitoa mimi hakujibu hilo swali.

Zamani Dunda
Hapo umenena. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya wananchi ya kufuatilia fidia huku Bagamoyo. Nyie mnajua habari ya ile bandari kubwa iliyopangwa kujengwa Mbegani, makubaliano 2013, halafu 2019 Rais Magufuli akasema masharti yale hayafai, mambo yakasimama, hapo katikati watu na nyumba zao hawajui wajenge au wasubiri. Yetu sio ile, ni mradi mdogo tu, lakini tulijifunza kwa majirani. Nikawa nasisitiza kila mtu abaki na kopi ya fomu yake ya uthamini na tarehe ionekane, kwa sababu sheria ya uthamini ya 2016 inasema uthamini wa fidia ukipita miaka miwili haujalipwa unatakiwa urudiwe. Kumbe ile tarehe ndo kitu hawataki ionekane. Nikaambiwa nachochea wananchi. Kuchochea kwa fotokopi! Nafasi yangu akapewa shemeji wa mtu, kijana mpole kabisa, kikaoni anapiga picha tu.

Dada Karani
Nimewahi kufanya kazi masijala kwa hiyo nawaambia kitu kimoja ambacho naona mnakichanganya. Angalieni nani aliyekuweka. Kama uliteuliwa kwa barua ya mkurugenzi, aliyekuteua anaweza kukuondoa, utabishana kuhusu utaratibu tu, ulisikilizwa au hukusikilizwa, na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ipo kwa ajili hiyo. Ila kama ulichaguliwa na mkutano kama huyu kaka wa Ngamiani, au wavuvi wenzio kama yule mzee, mtendaji wala katibu hana ubavu wa kukuboresha, arudi kwa waliokuchagua. Kwa hiyo kaka usianze na malalamiko. Anza na barua fupi ya kuomba muhtasari wa kikao kilichobadilisha kamati na muhtasari wa mkutano uliopitisha mchoro mpya, taja sheria ya haki ya kupata taarifa ya 2016, wana siku 30 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri ubaki nayo. Wakikataa kugonga, andika jina la aliyekataa na saa. Na usiseme neno ufisadi humo ndani, utawapa pa kutokea.

Shoga wa Makorora
Dada Karani nakuja inbox mwaya, mimi yangu ni kamati ya maji, ndefu.

Dada Karani
Iweke hapa hapa shoga, wenye shida hiyo wengi.

Shoga wa Makorora
Naogopa, mwenyekiti ni mjomba wangu 😭

Mwana wa Ngamiani
Asanteni sana wote, barua naiandika leo. Mzee wa BMU hujamalizia, wavuvi wenzio walisemaje na ukuta uko wapi sasa?

Mvuvi Mstaafu Nusu
Ukuta upo, ila walibomoa kipande tukapata njia ya kupita, nyembamba, ngalawa inapita kwa kubebwa ubavu. Mikoko walikuja watu wa misitu wakaandika andika wakaondoka. Mimi wavuvi waligoma kuchangia mafuta ya doria mpaka nirudi, ukaitwa mkutano pale pale bandarini, mikono ikanyooshwa, nikarudi. Kwa hiyo jina langu lipo ubaoni. Ila barua ya kuitwa kwenye kikao cha kata huwa inanifikia kikao kimeshaisha.

Baiskeli Mbovu
Kila mara?

Mvuvi Mstaafu Nusu
Ya juzi imeletwa leo mchana. Imegongwa muhuri vizuri kabisa.