Wikendi ya maonyesho ukumbini: nani atainuka kitini, na atapita wapi

JUMATATU JIONI

Katibu: Majirani, habari za jioni. Ratiba ya ukumbi wa sanaa wa chuo ni hii. Alhamisi saa kumi na moja jioni, mazoezi ya wazi, bure kwa wote. Ijumaa saa kumi na mbili jioni, igizo la mpangaji na mwenye nyumba, lile ambalo watazamaji wanaingia wenyewe. Jumamosi saa nane mchana, ngano za watoto. Jumapili saa nane mchana, isukuti, ile ngoma ya magharibi mwa Kenya, kisha kwaya ya wanafunzi wa chuo. Kiingilio bob 200, mwanafunzi 100, mtoto wa chini ya miaka 12 halipi. Viti ni 180. Anayejitolea aandike hapa atashika kazi gani.

Mama Shiku: Asante Katibu. Nitasimamia mlango na watoto wa Jumamosi. Ijumaa tutamaliza saa ngapi? Watu watauliza.

Katibu: Saa mbili kasorobo, mama.

Mwalimu wa Maigizo: Tushike muda huo kwa nguvu. Saa mbili ikipita, mtu anaanza kufikiria nauli na mvua, watu wanatoka mmoja mmoja, na wanatoka mjadala ukiwa umechemka. Mjadala ndio igizo lenyewe. Kwa hiyo: dakika 20 za igizo, dakika 70 za watazamaji kuingia, dakika 10 za kufunga. Jumla dakika 100, tukianza saa kumi na mbili na dakika tano.

Baba Otieno: Nimeuona mchoro wa viti. Safu 9, kila safu viti 20, bila njia katikati. Huo haufai. Wa katikati akitaka kutoka lazima awaombe watu 9 wavute magoti. Wazo lake litakufa kabla hajafika njiani.

Katibu: Unapendekeza nini, Baba Otieno?

Baba Otieno: Kila safu igawanywe 6, 8, 6, na njia mbili zenye upana wa mita 1.2. Hapo hata aliyebanwa ukutani anawapita watu 5 tu, na wa katikati anawapita 3. Mita 1.2 inatosha kiti cha magurudumu kupita bila kugonga. Tena tuache nafasi 2 bila viti kwenye safu ya tatu, kando ya njia. Tusiweke watu wa viti vya magurudumu nyuma kabisa karibu na mlango, kana kwamba wamekuja kuaga.

Shosho wa Nambari 14: Hapo umesema vyema, mwanangu. Na ngazi za jukwaa? Ziko pembeni, kwenye giza.

Baba Otieno: Kweli Shosho. Jukwaa lina sentimita 90. Fundi wa mbao anaweza kutengeneza ngazi ya vidaraja 5, sentimita 18 kila kimoja, tuiweke mbele katikati. Ukingo wa kila kidaraja ubandikwe tepu nyeupe.

Mwalimu wa Maigizo: Ngazi hiyo tuitengeneze kwa ajili ya Jumamosi. Kwa Ijumaa naomba tusitumie jukwaa hata kidogo. Igizo lishuke sakafuni. Sentimita 90 ni fupi kwa mwigizaji, lakini kwa jirani ambaye hajawahi kusimama mbele ya watu ni ukuta.

Fundi wa Taa: Mwalimu, taa zote zimeelekezwa jukwaani. Mkishuka sakafuni mtaigiza gizani. Na wa safu ya tisa wataona visogo vya wenzao.

Mwalimu wa Maigizo: Visogo vina dawa. Safu ya kwanza na ya pili tuondoe viti, tutandike mikeka, vijana na watoto wakae chini. Safu mbili za mwisho wakalie mabenchi marefu ya maktaba, yale ya juu. Na waigizaji wasiketi wala wasilale sakafuni kwenye tukio lolote. Mama mpangaji aoshe vyombo juu ya meza, si kwenye karai chini. Taa ndizo nakuachia wewe.

Fundi wa Taa: Taa zinageuzika, ni kazi ya saa moja na ngazi ndefu, Jumatano. Lakini niseme jambo la stima mapema, maana kila mara kuna mtu mwema anayekuja na taa ya ziada na ekstensheni. Zile taa kubwa za zamani, par 64, ni wati 1,000 kila moja. Soketi ya kawaida ni ampea 13, kwa volti 240 inabeba kama wati 3,100. Ukitundika 3 umefika ukingoni. Ya 4 inaweza kuunguza fyuzi ya plagi, au kupasha joto ekstensheni iliyoviringishwa mpaka mpira unanuka. Kwa hiyo Ijumaa ni taa 4 tu, 2 kwa soketi, kwenye nyaya mbili tofauti, na ekstensheni zifunguliwe zote zilale bapa. Birika la chai lisichomekwe kwenye ukuta huo. Birika moja ni wati 2,000 na zaidi.

Mama Shiku: Chai itapikwa kwa gesi nje, usijali.

Mwalimu wa Maigizo: Na taa za ukumbi, Fundi? Zisizimwe zote tafadhali.

Fundi wa Taa: Zile ni mirija. Hazipunguzwi mwanga, zinawaka au zinazima. Tutazima mistari miwili ya mbele na kuacha wa nyuma uwake. Watu wataonana nyuso bila igizo kufifia.

Mwalimu wa Maigizo: Hicho ndicho ninachotaka. Mtu aliyekaa gizani anajiona mgeni aliyelipa tiketi. Akiuona uso wa jirani yake anakumbuka kwamba shida inayoigizwa ni yao wote.

JUMANNE

Mama Shiku: Mwalimu, tueleze sisi wa mlangoni hilo igizo linakwendaje, ndipo tuweze kuwaeleza watu. Wengi watafikiri ni mchezo wa kukaa na kucheka.

Mwalimu wa Maigizo: Vizuri mama. Mbinu hii ilikuzwa na Augusto Boal wa Brazili, miaka ya 1970. Igizo linachezwa mara ya kwanza mpaka mwisho, na mwisho wake ni mbaya: mpangaji amelipa, hana risiti, keateka, yaani msimamizi wa nyumba za kupanga, amemfungia maji, anahama usiku na watoto. Linachezwa tena tangu mwanzo, kwa kasi kidogo. Mara hii mtazamaji yeyote akiona pahali ambapo mpangaji angefanya tofauti, anasema "Simama!" Waigizaji wanaganda. Mtazamaji anakuja, anavaa leso ya mpangaji, anachukua nafasi yake, na tukio linaendelea kutoka sentensi ileile. Mwenye nyumba na keateka hawamrahisishii. Wanambana jinsi wanavyobana mtaani.

Baba Otieno: Na mtu akitaka kuwa mwenye nyumba?

Mwalimu wa Maigizo: Hapo ndipo huharibika zaidi. Mtu anaingia kama mwenye nyumba, anatabasamu, anasamehe kodi ya miezi miwili, ukumbi unapiga makofi, na hakuna aliyejifunza kitu, kwa sababu mwenye nyumba wa kweli hatabadilika kwa sababu sisi tumeigiza. Boal aliita suluhisho la namna hiyo uchawi. Mwezeshaji asimkemee aliyelileta. Awageukie watu na kuuliza: "Hili linaweza kutokea mtaani kwetu?" Watajibu wenyewe. Kanuni ni kubadilisha yule anayeonewa, au shahidi aliyesimama kando akanyamaza. Jirani wa mlango wa pili kwenye igizo letu amewekwa pale makusudi.

Katibu: Mwezeshaji ndiye nani hasa? Mshereheshaji?

Mwalimu wa Maigizo: Hapana. Mshereheshaji anachangamsha watu. Mwezeshaji anauliza na kungoja. Boal alimwita kwa jina la ile karata isiyo ya kundi lolote, joker, kwa sababu hana upande. Hatoi alama kwa wazo la mtu. Hasemi "hapo umekosea". Na akishauliza swali la kwanza ahesabu moyoni mpaka 10 kabla ya kufungua mdomo tena. Kimya cha sekunde 10 kinatisha, na wengi huvunjika kwenye ya 4, wakaanza kulijibu swali lao wenyewe. Wakishalijibu, watazamaji wanatulia vitini, wamejua hawahitajiwi.

Baba Otieno: Lakini kukiwa kimya hadi mwisho?

Mwalimu wa Maigizo: Swali lilikuwa pana. "Mnaonaje?" halina mlango wa kuingilia. Uliza: "Mama huyu alipolipa bila kuchukua risiti, alikuwa na njia gani nyingine?" Likishindwa, waambie kila mtu amgeukie aliye jirani yake wazungumze dakika 2. Mtu akishalisema wazo lake kwa sauti kwa mmoja, kulisema kwa 180 si mlima tena.

Shosho wa Nambari 14: Na sisi ambao magoti yamechoka? Nina la kumwambia huyo keateka.

Mwalimu wa Maigizo: Shosho, wewe sema ukiwa umeketi. Mwigizaji atalifanya neno kwa neno kama ulivyosema, nawe utamsahihisha akienda kombo. Hiyo nayo ni njia halali, Boal aliitumia kabla ya hii ya kuingia jukwaani.

Shosho wa Nambari 14: Basi nitakuja.

Mwalimu wa Maigizo: Karibu sana. Mengine mafupi: hakuna kugusana wala kusukumana; rungu la keateka liwe la karatasi iliyokunjwa. Anayehutubia badala ya kuigiza, mwezeshaji amwambie kwa upole, "Mwambie yeye, si sisi." Mlevi apewe kiti karibu na Baba Otieno.

Baba Otieno: Sawa, nitamshika mkono vizuri.

JUMATANO

Fundi wa Taa: Taa zimegeuzwa. Sasa maikrofoni. Tuna 3 zisizo na waya: 1 ya mwezeshaji, 2 za watazamaji. Nahitaji wabebaji 2, mmoja kila njia. Mbebaji asiiachilie maikrofoni. Aishike yeye, upana wa ngumi moja kutoka mdomo wa msemaji. Ukimpa mtu ashike, ataipiga kidole, ataishikia kifuani, au atafumba kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, na ikifumbwa hivyo inapiga mluzi. Na mbebaji asipite mbele ya spika maikrofoni ikiwa imewashwa. Nitachora mstari wa chaki sakafuni mita 2 mbele ya kila spika. Kuvuka hapo ni marufuku.

Katibu: Stima ikipotea je?

Fundi wa Taa: Igizo liendelee. Ukumbi ni mdogo, sauti inafika. Taa 6 za kuchaji zining'inizwe ukutani, ziwe zimechajiwa tangu asubuhi. Jenereta inachukua dakika kadhaa kuwaka na kelele yake itaua mjadala, tusiiguse Ijumaa.

Mkalimani wa Ishara: Hamjambo. Tutakuwa wawili, tukipokezana kila dakika 20, kwa sababu baada ya hapo mikono na akili huanza kuchelewa. Naomba taa yetu peke yetu, upande wa kushoto wa waigizaji, isiyozimwa hata tukio likiwa la usiku. Viziwi wakae safu ya tatu na ya nne upande huo, wamwone mkalimani na mwigizaji kwa jicho moja. Mwezeshaji akumbuke kwamba ishara inafika nyuma ya sauti kidogo. Asimchague aliyeinua mkono kwanza kila mara, la sivyo kiziwi hatapata zamu kamwe. Na kiziwi akitaka kusimamisha igizo, hatapiga kelele. Apunge kitambaa.

Mwalimu wa Maigizo: Kila mtu apewe kitambaa mlangoni basi! Wote wapunge, na wanaosikia pia. Itawafaa hata wenye haya.

Mama Shiku: Nitakata kanga kuukuu. Kitambaa cha kiganja kwa kiganja, 180.

Katibu: Kwa Alhamisi tuwaambie watu nini?

Mwalimu wa Maigizo: Waje wakosoe kabla ya siku yenyewe. Katika kijiji cha Kamirithu kule Limuru mwaka 1977 mazoezi ya igizo yalifanywa hadharani, na wanakijiji walisahihisha maneno, nyimbo na hata namna mtu anavyosimama. Sisi tunataka hasa wapangaji watuambie kama keateka wetu anaongea kama keateka. Mtu aliyesahihisha sentensi moja Alhamisi atamleta jirani Ijumaa.

ALHAMISI ASUBUHI

Mama Shiku: Jumamosi ya watoto. Nimepanga hivi. Tunaanza na "Paukwa!" "Pakawa!" "Sahani!" "Ya mchele!" "Giza!" "La mwizi!" mara tatu, sauti ikipanda. Kisha mvua: wote wapige kidole kimoja kwenye kiganja, halafu viwili, vitatu, vinne, halafu mapaja kwa viganja vyote. Ikifanywa polepole, mvua inanyesha kweli ndani ya ukumbi. Kwa kurudi nyuma idadi inapungua, mvua inakatika, watoto wananyamaza bila kunyamazishwa.

Mwalimu wa Maigizo: Nzuri mno. Jukwaani wasipande zaidi ya 6 kwa wakati mmoja, na mtambaji achague kutoka pande zote; ukiita "nani anataka?" safu ya mbele itavamia ngazi. Kila mtoto apewe kazi moja tu: huyu ni mlango, huyu ni jogoo. Akimaliza, arudishwe kitini kwa mkono.

Mama Shiku: Na picha. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa mtoto. Nitaweka utepe mwekundu mlangoni kwa mtoto asiye na idhini. Mtoto aliyefungwa utepe asipigwe picha. Wapiga picha wote waelezwe.

Katibu: Isukuti ya Jumapili?

Baba Otieno: Ngoma ni tatu: baba, mama na mtoto, pamoja na pembe na vyuma vya kugonga. UNESCO iliorodhesha isukuti ya Waisukha na Waidakho mwaka 2014 kati ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa hiyo tuwape nafasi inayowastahili. Tuondoe safu 3 za mbele, viti 60. Watakaokuja wengi watakuwa wamesimama wanacheza hata hivyo. Sakafu ya saruji ipigwe deki saa tano ikauke, vumbi linachoma macho miguu ikianza kazi. Ngozi za ngoma hulegea kwa unyevu. Ziwekwe juani tangu saa sita, au karibu na jiko la makaa nje, si ndani. Ngoma hazihitaji maikrofoni. Mwimbaji kiongozi ndiye anayeihitaji.

Mwalimu wa Maigizo: Na kiitikio kifundishwe kabla ngoma hazijaanza, mstari mmoja, mara 4. Ngoma zikishalia hakuna atakayesikia maneno. Makofi ya watazamaji hukimbia. Mpiga ngoma ya mtoto awatazame watu, si wenzake, awashikie mwendo.

Fundi wa Taa: Bateri: maikrofoni 3, bateri 2 kila moja, mpya kila siku. Siku 3 ni 18, za akiba 6, jumla 24, saizi AA. Mazoezi ya leo nitatumia za zamani. Katibu, zinunuliwe zenye tarehe ya mbele, si zile za mfukoni mwa mchuuzi zilizokaa juani.

Katibu: Nanunua leo mchana. Mikeka ni ya nani?

Shosho wa Nambari 14: Nina 4. Mtu aje azichukue kabla ya saa tisa.

Baba Otieno: Nakuja saa nane, Shosho.