Wakili wa kampuni natakiwa kutoa barua pepe zangu na bosi, nifanyeje?

Nyar_Milimani: Wadau, nisaidieni. Mimi ni wakili mwajiriwa wa kampuni hapa Kisumu. Vijana waliofutwa kazi wametushtaki, na wakili wao anataka barua pepe zote kati yangu na mkurugenzi. Silali. Siri ya wakili na mteja inamkinga anayelipwa mshahara kama mimi?

Kondele_Juu: Haikukingi. Kesi ya Akzo Nobel, 2010, mahakama ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg ilisema wakili mwajiriwa hana uhuru wa kutosha mbele ya bosi wake.

Mama_Kibuye: Mwanangu, nilifutwa 1998 baada ya miaka kumi na mmoja, hata barua sikupewa. Wapeni vijana haki yao.

Wuod_Dunga: Kondele, hiyo ilikuwa uchunguzi wa ushindani wa biashara huko Ulaya. Kisumu tuna kifungu cha 134 cha Sheria ya Ushahidi: wakili hatoi alichoambiwa na mteja akiwa kazini, bila idhini ya mteja. Ila hakifuniki mazungumzo ya kutimiza jambo haramu. Dada, mkurugenzi alikuuliza nini?

Nyar_Milimani: Mambo ya kawaida ya ofisi.

Wuod_Dunga: Yapi?

Nyar_Milimani: Aliniambia niandike barua za onyo zenye tarehe za nyuma, ionekane vijana walionywa. Niliandika. Na tangu jana nimefuta barua pepe kadhaa. Msinihukumu, nina watoto wawili shuleni. Kila mtu hufuta barua pepe.

Mama_Kibuye: Uwi! Na hao vijana hawana watoto?

Kondele_Juu: Hii ni ya kutunga. Wakili gani hajui 134? Ni mwanafunzi wa sheria anatafutiwa majibu.

Nyar_Milimani: Laiti ingekuwa ya kutunga. Kifungu nakijua. Nilitaka mtu aniambie ile sehemu ya haramu hainigusi.

Wuod_Dunga: Inakugusa. Acha kufuta sasa hivi, kuharibu ushahidi ni jinai. Na siri yenyewe ni mali ya kampuni: mkurugenzi akikugeuka, haitakufunika wewe. Tafuta wakili wako mwenyewe, asiye wa ofisini, leo.

Nyar_Milimani: Kijana wa kompyuta anasema nakala zote bado ziko kwenye seva. Nimemwambia asiguse kitu. Niko kwenye matatu, naenda kumwona wakili.