Kichekesho kilekile: kwenye chumba kidogo walicheka, ukumbi mkubwa wakanyamaza. Kwa nini?

Chipukizi wa Jukwaa:
Habari zenu wakuu. Nimeanza kupanda jukwaani kuchekesha na kuna jambo linaninyima usingizi. Nina kisa cha baba yangu na simu. Akimpigia mtu aliye mbali anapayuka, akimpigia wa jirani ananong'ona, kana kwamba sauti inasafiri kwa nguvu za koo lake. Nilikisimulia kwenye chumba kidogo, watu wakacheka mpaka wanagonga meza. Juzi nimekipeleka ukumbi mkubwa, maneno yaleyale, hata pumzi nilivuta palepale. Wakatabasamu tu. Mwenye uzoefu anieleze: watu wanacheka kwa sababu ya kichekesho chenyewe au kuna kingine?

Mzee wa Mbavu:
Mkuu, hii kazi ni kipaji. Kuna mtu akisimama tu, hajafungua mdomo, watu hoi. Ukumbi mkubwa ndio mizani. Chumba kidogo kimejaa marafiki, watakuchekea hata ukipiga chafya.

Fundi Sauti:
Mzee wangu, kipaji kipo, ila hapo kwenye mizani sikubaliani nawe. Mimi ni fundi wa sauti. Kwa miaka mingi nimekaa nyuma ya kumbi nikiwa na mitambo yangu, nikiwasikiliza wachekeshaji, na nimemsikia mtu mmoja akisema jambo moja usiku baada ya usiku, leo ukumbi umelipuka, kesho kimya. Kipaji hakikupungua kwa usiku mmoja.

Mdogo wangu Chipukizi, niambie kwanza: watu walikaaje? Na taa za upande wao zilikuwa zimezimwa?

Chipukizi wa Jukwaa:
Dada, ukumbi haukujaa hata nusu. Walikaa wawili wawili huku na huku, viti vya mbele vitupu. Taa zote ziliwaka.

Fundi Sauti:
Basi tuanzie hapo. Mwanasaikolojia Mmarekani, Robert Provine, aliacha kuwaletea watu vichekesho maabara, akaenda kuwasikiliza wakicheka kwenye maisha yao ya kawaida. Akaona mtu akiwa na wenzake hucheka takriban mara 30 zaidi ya akiwa peke yake. Na vicheko vingi havikufuata mzaha wowote, vilifuata maneno ya kawaida kabisa, kama "haya, tutaonana". Kwa hiyo kicheko ni namna ya watu kuambiana "tuko pamoja". Sasa mtu uliyemzungushia viti vitupu atamwambia nani? Wenye televisheni Marekani walilijua hili tangu miaka ya 1950, ndiyo maana fundi mwenzangu Charles Douglass akatengeneza mashine ya vicheko vilivyorekodiwa, ili anayetazama akiwa peke yake nyumbani asikie wengine wakicheka.

Taa nazo ni hivyohivyo. Anayejua anaonekana hujizuia. Dari refu pia ni adui: kicheko kinapanda juu na kupotelea huko, kila mtu anabaki kusikia chake tu, anaona aibu, anakikata. Dari likiwa chini kinawarudia wote.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili, kwa sababu nalisikia karibu kila onyesho. Kicheko cha watu wengi kina umbo. Kinapanda, kinafika kilele, kinaanza kushuka. Mchekeshaji mzuri huingia na sentensi yake kikiwa kinashuka, kabla hakijaisha. Mgeni wa jukwaa anaogopa kimya, anaingia kikiwa kileleni. Watu wanajikatiza ili wamsikie. Akirudia hivyo kidogo tu, ukumbi mzima umeshajifunza kutocheka, na yeye anadhani kisa ndicho kibovu. Kwenye ukumbi mkubwa kicheko kinachelewa kukufikia jukwaani, kwa hiyo kosa hilo ni rahisi zaidi.

Tena mwisho wa kisa chako, hapo kwenye "kana kwamba sauti inasafiri kwa nguvu za koo lake", paondoe. Hayo ni maelezo, na panchi, yaani pale kisa kinapochekesha, ikishatua haihitaji maelezo. Payuka kama baba, kisha nong'ona kama baba, halafu nyamaza. Mtu akigundua mwenyewe kwamba mzee anapima umbali kwa koo, kicheko kinakuwa chake.

Msoma Vitabu:
Dada umenifurahisha hapo kwenye maelezo. Mwanafalsafa Mjerumani Kant aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huja pale matarajio yaliyovutwa sana yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Ukieleza, unayavuta tena wakati yameshakatika.

Ila mimi nina wasiwasi mwingine. Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, zaidi ya miaka mia kabla ya Kant, alisema tunacheka kwa kujiona ghafla tuko juu ya mwingine. Na mwaka 2010 watafiti Peter McGraw na Caleb Warren wakaeleza kwamba kinachochekesha ni jambo linalovunja utaratibu fulani, huku mtu akiona halina madhara. Vyote viwili kwa pamoja. Kumsema baba mbele za watu ni kuvunja heshima. Chumba kidogo walikujua, wakaona halina madhara. Wageni wa ukumbi mkubwa walijuaje kwamba unampenda?

Fundi Sauti:
Swali zuri kuliko yote humu. Nimewahi kusikia mtu akimcheka kiwete jukwaani. Wachache walicheka, na kilikuwa kicheko kifupi, cha kooni. Hujafa hujaumbika, na watu wanalijua hilo hata wakiwa wamekuja kustarehe. Kinyume chake ni mchekeshaji Mmarekani Richard Pryor. Aliungua vibaya mwaka 1980, kisha akasimama jukwaani kuusimulia moto ule mwenyewe. Watu walicheka kwa raha kwa sababu aliyeungua ndiye aliyewaruhusu.

Chipukizi, kabla hujapayuka, tupe sentensi moja inayoonyesha huyo mzee anampigia nani na kwa nini. Kama anampigia mwanawe aliye nchi ya mbali, sema.

Chipukizi wa Jukwaa:
Ananipigia mimi! Nilipokuwa masomoni ng'ambo. Simu ilikuwa inaunguruma sikioni, wenzangu chumbani wanamsikia akiuliza kama nimekula.

Mzee wa Mbavu:
Hapo umenichekesha, kijana. Na hiyo hukuiweka kwenye kisa? Haya, dada, naona kuna la kujifunza. Lakini hao wakubwa nao wanahangaika hivi?

Fundi Sauti:
Sana, mzee wangu. Mchekeshaji Mmarekani Chris Rock anajulikana kwa kuanzia vilabu vidogo kabla ya onyesho kubwa. Anaingia na karatasi yake, anajaribu, mengi yanafia pale mbele ya watu, anabaki na machache. Tunaona yale machache tu.

Chipukizi wa Jukwaa:
Asante sana, dada. Ijumaa narudi ukumbi uleule. Nitawaomba waandaaji wafunge viti vya nyuma, watu wasogee mbele, na taa zao wazipunguze. Kisa kitaanza na swali la kama nimekula. Swali la mwisho: nikishanong'ona, ninyamaze kwa muda gani?

Fundi Sauti:
Usihesabu, sikiliza. Kicheko kikipanda, kaa nacho. Kikianza kushuka, endelea. Kisipopanda, endelea pia bila kuwasuta.

Lingine, na hili ni la fundi: nina hakika juzi mnong'ono wako haukufika nyuma. Maiki iliwekwa kwa ajili ya kupayuka, ukashusha sauti, nusu ya ukumbi haikupata panchi. Kwenye kujaribu sauti usiseme "halo, halo, moja mbili" peke yake. Payuka, kisha nong'ona ile sentensi yenyewe ya baba, mtu akiwa amesimama mstari wa mwisho. Asiposikia, mwambie fundi apandishe, nawe ujue kuisogeza maiki mbali na mdomo unapopayuka.