Kisima kimeharibika Bahi: wakili aanzie wapi?

Mdau_Bahi: Wakuu, jirani wanachenjua dhahabu, maji ya kisima yamebadilika. Wakili mchanga aanzie wapi?

Mwanasheria_Dom: Aanze na sampuli za maji: upande yanakotoka kabla ya kufika mtambo, na upande yanakoelekea baada yake. Chupa ya sampuli ya kupimia metali itiwe asidi ya nitriki, pH (kipimo cha uasidi) ishuke chini ya 2. Kila anayepokea chupa asaini, aandike tarehe na saa. Saini moja ikikosekana, wenye mtambo watasema chupa ilibadilishwa. Inauma kuona kesi ya haki ikifia hapo.

Maabara: Sainidi, ile kemikali ya kuchenjulia dhahabu, iwe na chupa yake peke yake, itiwe sodiamu haidroksaidi. Ikigusana na asidi inatoa gesi ya sumu!

Mama_Sheria: Kama ni wanakijiji wengi, ombeni kibali cha mahakama cha kesi ya uwakilishi (wachache kushtaki kwa niaba ya wote), Amri ya 1 Kanuni ya 8 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Mkiishtaki halmashauri, ipeni kwanza notisi ya siku 90. Ukomo wa madai ya madhara ni miaka 3, wahini.