Nimelipishwa 204,000 kwa giaboksi ambayo haikuwa mbovu, na giaboksi yangu nzima sijarudishiwa

Wadau, shilingi 204,000. Hizo ndizo nilizoacha kwenye gereji moja ya Industrial Area, Nairobi, mwezi uliopita. Giaboksi ya mtumba 165,000, kazi ya kufungua na kufunga 25,000, oili 14,000. Ugonjwa wenyewe ulikuja kutibiwa wiki jana Kirinyaga Road kwa 6,700, na haukuwa kwenye giaboksi hata kidogo. Jina la gereji silitaji kwa sababu tunaelekea kortini na sitaki waupate uzi huu kama kisingizio. Modeli ya pikapu nayo siitaji, kwa kuwa gari halina kosa hapa.

Kazi yangu ni viazi. Mara nne kwa wiki natoka Njabini saa nane usiku na magunia 20 ya kilo 50, napita Flyover, Kimende, Uplands, Limuru, nashuka Waiyaki Way, na saa kumi na moja nataka niwe nimeshusha soko la Marikiti. Pikapu ni ya dizeli, lita 3, otomatiki ya gia 5. Najua kuna watakaosema otomatiki na mzigo wapi na wapi. Goti langu la kushoto liliumia 2016 na haliwezi tena kukanyaga klachi kwenye foleni ya Kangemi. Otomatiki kwangu si anasa, ndiyo inayonifanya niendelee kulisha nyumba.

Sasa dalili, na naomba mzisome polepole kwa sababu kesi yote iko hapa. Nikiwa kwenye kilomita 75 kwa saa, barabara imenyooka, mguu umetulia juu ya mafuta, mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapanda kama 300, unashuka, unapanda tena, unashuka. Mara sita, mara saba kwa dakika. Gia haibadiliki, gia ikibadilika mshale unaruka zaidi ya hapo na sikio linasikia. Hii ilikuwa kama mtu anashika na kuachia, kushika na kuachia. Na ilikuwa usiku tu. Mchana nikirudi mtupu, saa nne asubuhi, inateleza kama maji. Usiku taa kubwa zinawaka, feni ya hita inavuma kwa nguvu zote maana Kinangop mnaijua baridi yake, na ile taa ya nyuma niliyoongeza kwa ajili ya mzigo nayo inawaka. Nikizima feni, kupanda na kushuka kunapungua. Nikiiwasha, kunarudi.

Haya yote nilimweleza fundi mkuu neno kwa neno. Nilimwambia, "Fundi, ni usiku tu, na nikizima feni inapungua." Akanijibu, "Mzee, gari haijui usiku wala mchana."

Hapo ndipo ningechukua funguo zangu niondoke. Gari linajua sana usiku, kwa sababu usiku ndipo altaneta, ile mashine ya injini inayotengeneza umeme na kuchaji betri, inapobebeshwa mzigo wa umeme. Nilikuwa nimemkabidhi jibu mkononi, akalitupa.

Akachomeka kile kifaa cha kusoma makosa. Kikaonyesha hakuna kosa lolote lililohifadhiwa. Akaizungusha pikapu Lunga Lunga Road dakika chache, saa tano mchana, tupu, taa zimezimwa. Akarudi na hukumu: kompyuta haioni kitu, kwa hivyo shida iko ndani, torki konveta, kile kiungo kati ya injini na giaboksi, imekufa na vipande vyake vimeshaingia kwenye giaboksi, dawa ni kubadilisha yote. Hakuchomoa kijiti cha oili. Hakufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi. Hakuunganisha geji ya presha. Alisema ameshika nyingi za aina hiyo. Nikauliza kama hakuna kipimo cha kufanya kwanza. Akaniambia kupima ni kupoteza muda na viazi vyangu vinaoza.

Mimi si fundi, lakini tangu hapo nimeuliza, nimesoma na nimekaa na watu wanaoijua kazi hii, na hasira yangu imezidi kwa kila nililojifunza. Kijiti peke yake kingesema mengi. Unakipima injini ikinguruma, oili imeshika moto, umepitisha gia kila mahali ukarudi P, gari liko tambarare. Oili ikiwa nyekundu na haina harufu ya kuungua, klachi za ndani hazijaungua. Ikiwa kahawia na inanuka kama mkate uliosahauliwa jikoni, hapo sawa, tuogope. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa ya waridi, maji ya redieta yameingia. Yangu nilikuwa nimeipima mwenyewe siku mbili kabla: nyekundu, haina harufu. Na kama kweli kulikuwa na vipande ndani, sampu ingewaonyesha, kwa sababu kuna sumaku pale chini. Matope laini ya kijivu kwenye sumaku ni kawaida ya giaboksi iliyofanya kazi. Vipande vya chuma unavyoweza kushika kwa vidole si kawaida. Ni boliti chache na lita kadhaa za oili. Nani angekataa kulipia hicho kabla ya kulipa laki mbili?

Kuna kingine ambacho hakihitaji hata spana, na hiki ndicho kinaniuma zaidi. Ndani ya torki konveta kuna klachi inayofunga injini na giaboksi pamoja ukiwa kwenye mwendo uliotulia, ili dizeli isipotee bure. Mafundi huiita loki. Kompyuta ndiyo inayoamuru ifunge au ifungue, na ukigusa breki inaamuru ifungue mara moja. Basi gari likianza kupanda na kushuka, shikilia mafuta palepale, halafu kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo sana, kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu. Mshale ukipanda ukakaa pale bila kucheza, umejua jambo kubwa: gia zenyewe zinashika, kinachocheza ni loki. Swali linalofuata ni kama loki imechakaa, au kuna kitu kinachoidanganya kompyuta ili iifungue na kuifunga ovyo. Maswali hayo mawili yana bei tofauti kama mbingu na ardhi, na yanatenganishwa na vipimo, si na kelele.

Wakafunga giaboksi ya mtumba. Siku 19 pikapu ilikaa kwao. Safari 11 nilikodi gari la mtu kwa 7,000 kila safari, hiyo ni 77,000 nyingine, na wateja wawili wa Marikiti wakahamia kwa msambazaji mwingine na hawajarudi. Usiku wa kwanza barabarani, kabla hata sijafika Kimende, mshale ukaanza. Palepale. Vilevile. Mara sita, mara saba kwa dakika.

Nikarudi. Wakaniambia kompyuta inajifunza giaboksi mpya, niendeshe kilomita 500. Nikaendesha 900. Nikarudi tena. Wakaniambia basi hii ya mtumba nayo ilikuja ikiwa mbovu, niongeze 90,000 waniletee iliyo safi zaidi. Ndugu zangu, giaboksi mbili tofauti, kutoka magari mawili tofauti, zina ugonjwa uleule, saa ileile ya usiku, na bado kwao jibu ni giaboksi ya tatu!

Dereva mwenzangu wa Marikiti ndiye aliyenipeleka Kirinyaga Road kwa mzee mmoja wa waya. Mzee hakuuliza modeli wala mwaka. Aliuliza, "Inafanya lini?" Nikamwambia usiku, feni ikiwaka. Akasema, "Twende kwenye altaneta." Sekunde kumi hazikuisha.

Alitoa mita. Kwanza akapima betri injini ikinguruma: volti 14.1. Hapo ndipo wengi wanaridhika na kusema altaneta ni nzima, kwa sababu inachaji. Yeye akageuza mita kwenye AC, akaniambia niwashe taa zote na feni, akapima kwenye nguzo ya altaneta na bodi yake. Ikasoma volti 0.9. Akanieleza kwamba altaneta ndani yake inatengeneza umeme wa kwenda na kurudi, ndio huo AC, na daiodi ndizo zinazounyoosha kabla haujafika kwenye betri. Daiodi zikiwa nzima, kinachobaki hakifiki hata 0.1. Moja ikifa, altaneta inaendelea kuchaji vizuri tu, lakini inamwaga takataka kwenye waya zote za gari, na kadiri unavyowasha vitu ndivyo zinavyozidi. (Mwenye mita ya bei ya chini awe makini: nyingine zikiwekwa AC husoma hata umeme wa betri na kuandika ishirini na kitu. Ijaribu kwanza kwenye betri injini ikiwa imezimwa. Ikiandika kitu chochote mbali na sifuri, usiiamini kwa kipimo hiki.)

Kisha akachomeka kifaa cha kusoma, cha kawaida kabisa, lakini hakutafuta makosa yaliyohifadhiwa. Alifungua namba zinazotembea, yaani kile kompyuta inachosoma palepale kwenye kanyagio la mafuta, akaniambia niweke mguu kwenye mafuta na nisiutikise. Mguu wangu umetulia kama jiwe, skrini inaandika 18, 23, 17, 25, 19. Kompyuta ilikuwa inaona mtu anapigapiga mafuta. Mtu akipiga mafuta, kompyuta inafungua loki impe nguvu. Akiachia, inaifunga. Giaboksi yangu ilikuwa inatii amri za uongo, na inazitii vizuri. Na kwa nini hakukuwa na kosa lililohifadhiwa? Kwa sababu namba hizo zote ziko ndani ya kiwango kinachokubalika. Sensa ya kanyagio la mafuta haikukatika, ilikuwa inachafuliwa.

Hata hapo mzee hakukimbilia kuuza kitu. Alingoja saa mbili usiku, akachomoa plagi ya altaneta isichaji kabisa, tukatoka kwa umeme wa betri peke yake, taa zimewaka, Museum Hill hadi Kangemi na kurudi. Mshale ukasimama wima. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Aliporudisha plagi, ugonjwa ukarudi kabla hatujamaliza kona ya kwanza. Sasa hilo ndilo naliita kupima. Hakuna aliyebahatisha, na hakuna aliyelipa bado.

Bamba la daiodi 3,800. Waya wa athi kutoka injini hadi chesisi, uliokuwa umeota kutu ya kijani, 900. Kazi 2,000. Nimeshapanda Njabini mara tano tangu hapo, feni inavuma, taa zote zinawaka, haijacheza hata mara moja.

Sasa turudi kwa gereji. Nilikwenda Jumatatu nikitaka mambo mawili: pesa zangu na giaboksi yangu ya zamani, ambayo sasa tunajua ilikuwa nzima. Wakasema za zamani "huwa zinaenda." Zinaenda wapi? Nani aliwapa ruhusa? Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari: makadirio kabla ya kazi, idhini ya mwenye gari, na spea zilizotolewa apewe mwenyewe, isipokuwa alisema tangu mwanzo hazitaki. Mimi sikusema. Sikuwahi hata kuulizwa. Mtu anatangaza giaboksi imekufa bila kuipima, anaitoa, halafu inatoweka. Kama imekufa, nani ameichukua, na kwa bei gani?

Nimewapa barua ya madai ya siku saba, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Nadai 204,000 na zile 77,000 za kukodi, jumla 281,000. Korti ya Madai Madogo pale Milimani inasikiliza hadi milioni moja na huhitaji wakili, kwa hivyo asiyejua njia hiyo aijue. Mzee wa waya amekubali kuja kueleza alichopima, na nina picha za mita na za skrini.

Walionitumia ujumbe wakisema nisamehe niendelee na maisha: hapana. Hizo zilikuwa karo za mihula miwili, na nilikopa sehemu yake kwenye chama.

Na wewe unayetafuta giaboksi otomatiki ya gia 5 ya dizeli hapa mjini, kabla hujalipa itazame chini. Sampu ya yangu imebonyea upande wa kushoto, mbele, upana wa kiganja, nililigonga jiwe nikitoka shambani Njabini. Boliti za sampu nilizipaka rangi ya manjano mwenyewe nilipobadilisha oili mara ya mwisho, zote isipokuwa moja ya kona ya nyuma, ambayo rangi iliniishia. Ukiiona, usigombane na anayeiuza. Piga picha, uandike hapa uliiona duka gani, nitakuja na barua yangu.