Gari la kabureta linavuta hewa wapi?

Muulizaji, Lindi: Ndugu zangu, pikapu yangu ya zamani hutetemeka na kutaka kuzimika nisipokanyaga mafuta, lakini nikishika kasi kuelekea Mingoyo hutulia. Nianzie wapi?

Jibu, Mtwara: Pole sana. Hewa isiyopita kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, huufanya mchanganyiko upungukiwe petroli, hasa injini inapozunguka polepole. Bana kwa koleo kila mpira wa hewa (bomba laini la injini) kwa zamu. Mlio wa injini ukibadilika, umeupata unaovuja. Wangu, wa busta ya breki (kifaa kinachorahisisha kukanyaga breki), ulikuwa na ufa kwa chini ambao sikuuona mpaka nilipoukunja.

Jibu, Masasi: Kwenye gasketi, yaani vipande vyembamba vinavyoziba maungio, nyunyizia maji kidogo, tafadhali si petroli, kwani injini yenye moto inaweza kuiwasha.

Muulizaji: Ahsanteni. Maji yalipogusa gasketi ya chini ya kabureta, mtetemo ulikoma kwa muda. Kesho ninaibadilisha.